Kutoka Mkonge Hadi Mkongo



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya barua. Sisemi barua ya karatasi yenye stempu, ile ambayo vijana wa leo hawajui hata ilivyokuwa ikilambwa. Nasema barua ndogo ndogo ambazo mashine huandikiana ndani ya waya, maelfu kwa maelfu kila sekunde, usiku na mchana. Bila barua hizo karani wa benki atabaki anakutazama, hospitali haitasoma kadi yako ya bima, na bandari haitajua kontena la nani liko wapi. Barua moja ya namna hiyo huitwa fremu. Utaratibu wa kuiandika na kuituma huitwa Ethaneti.

Najua wapo ambao mkono umeshaanza kuelekea kwenye kitufe cha redio. Nawaomba wasubiri. Jambo hili si la wasomi peke yao. Linagusa mkonge, linagusa ujira wa mkata mkonge, na mimi nimelikuta Segera.

Segera mnaifahamu. Ni njia panda. Anayetoka Dar es Salaam kupitia Chalinze huvuka Wami, akapita Mkata na Kabuku, akifika Segera lazima aamue. Akishika kulia anakwenda Hale, Muheza na Tanga. Akishika kushoto anakwenda Korogwe, Same, Moshi na Arusha. Hapo mabasi husimama, abiria hula, na wauza machungwa na mayai hukimbilia madirishani. Wengi wetu tumepita Segera mara nyingi bila kufikiri kwamba kuna mtu anaishi pale na ana mawazo yake.

Nilipita hapo hivi karibuni nikitokea Tanga. Kwenye meza ya mgahawa mmoja alikuwapo kijana amefungua kompyuta ndogo ya mapajani, na kando yake kibao cha kijani chenye chipu katikati na waya wa buluu unaotoka ubavuni. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Shikamoo mzee," akasema, akivuta vitu vyake kunipisha.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni redio unatengeneza?"

"Hapana mzee. Hiki kifaa kinatakiwa kizungumze na kompyuta. Wiki ya tatu sasa kinakataa."

Kijana huyo ana stashahada ya elektroniki. Baba yake amekuwa fundi wa korona kwa miaka mingi. Kwa msikilizaji wa mjini asiyeijua korona, hiyo ni mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Linatakiwa lifikishwe kwenye korona mapema, kabla halijakauka na kuharibika. Sasa beringi ya korona ikivunjika ghafla, kazi inasimama. Mkata mkonge aliyeamka alfajiri na panga lake hapati kitu. Mkulima mdogo aliyeleta mzigo wake anautazama ukinyauka. Na spea huenda ikatoka Dar es Salaam, au mbali zaidi.

Lakini beringi haivunjiki bila kutoa taarifa. Kabla ya kuvunjika huanza kutetemeka kwa namna yake. Fundi mzee kama baba yake kijana huweka mkono juu ya chuma akasema, "Hii haitamaliza wiki." Siku fundi huyo akistaafu, mkono wake unaondoka naye. Ndipo kijana akafikiri: nikifunga vihisio vinane kwenye korona, kila kimoja kipime mtetemo mara elfu kumi kwa sekunde, kisha vipimo vyote viende kwenye kompyuta iliyo ofisini, kompyuta itajifunza kusema kile ambacho mkono wa mzee unasema.

Hilo ni wazo zuri, ndugu wasikilizaji. Tatizo lake ni moja. Vipimo havitembei vyenyewe. Lazima viandikwe kwenye barua, na barua ya Ethaneti ina adabu zake.

Nianze na asili yake. Mwaka 1971, huko katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianzisha mtandao wa redio uitwao ALOHA, kwa sababu walitaka kompyuta za visiwa mbalimbali ziwasiliane. Walikuwa na shida ya visiwa, kama wanavyoijua watu wa Unguja, Pemba na Mafia. Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe, aliyekuwa maabara ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani, akaandika waraka unaoeleza jinsi ya kulichukua wazo kama hilo na kulitia ndani ya waya. Yeye na David Boggs wakaujenga mtandao huo, ukipeleka biti milioni 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1983 taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ikaupitisha kuwa kanuni ya wote, kwa namba 802.3. Tangu hapo kasi imeongezeka mara maelfu, lakini sura ya barua yenyewe imebaki karibu ile ile.

Sura hiyo ni hii. Kwanza hutangulia hodi: baiti saba za kupiga mlango, ili mpokeaji aamke na kwenda sawa na mapigo ya mtumaji, kisha baiti moja ya kusema, "Sasa naanza." Baada ya hodi huja anwani ya anayepelekewa, baiti sita. Halafu anwani ya anayetuma, baiti sita. Halafu baiti mbili za kueleza aina ya mzigo uliomo. Halafu mzigo wenyewe, ambao usipungue baiti 46 wala usizidi 1,500. Mwisho kabisa huja baiti nne za muhuri. Kisha lazima uwepo ukimya wa muda wa baiti 12 kabla ya barua nyingine kuanza.

Tuitazame kidogo ile anwani. Baiti sita zinatosha kutoa anwani zaidi ya trilioni 281. Baiti tatu za mwanzo hugawiwa watengenezaji na IEEE, kama vile namba za magari zinavyogawiwa kwa utaratibu. Anayetengeneza kifaa chake mwenyewe, kama kijana wa Segera, anaruhusiwa kuanza na baiti 02, maana yake ni kwamba anwani hii ni ya hapa hapa nyumbani. Na ukijaza moja tupu katika biti zote 48, barua hiyo inakuwa ya kila mtu. Ni kama kondakta anayepaza sauti stendi, "Tanga! Tanga!" Hamwiti mtu mmoja, anayekwenda Tanga atasikia.

Kwa nini mzigo usipungue baiti 46? Hapa nawaomba mkumbuke daraja la zamani la Wami. Kabla ya daraja jipya kufunguliwa, magari yalipita kwa zamu, kwa maana daraja lilikuwa jembamba. Dereva alitazama ng'ambo kwanza. Akiona mtu amekwishaingia, alingoja. Ethaneti ya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo, waya mmoja kwa wote. Mashine ilisikiliza kwanza, ikikuta kimya ikaanza. Wawili wakianza pamoja, barua ziligongana, wote wakanyamaza, kila mmoja akasubiri muda wa kubahatisha kisha akajaribu tena. Lakini ili mtumaji ajue amegongana, ilibidi awe bado anaongea wakati habari za ajali zinamrudia. Barua fupi mno ingekwisha kabla ya habari kufika, naye angeondoka akidhani mambo ni salama. Ndiyo maana ikawekwa sheria: kuanzia anwani mpaka muhuri, barua isipungue baiti 64. Leo kila mashine ina njia yake ya kwenda na ya kurudi, hakuna kugongana tena, lakini sheria imebaki. Mzigo ukiwa mdogo, lazima ujazie sifuri mpaka utimie, kama mwuza mchele anavyotakiwa ajaze pishi.

Sasa mtaniuliza: mbona sisi tunatumia kompyuta kila siku na hatujawahi kuhangaika na hodi wala muhuri? Ni kwa sababu ndani ya kompyuta yako kuna kadi ya mtandao, na kadi hiyo ni kama karani wa posta. Wewe unampa ujumbe na anwani. Yeye anapiga hodi, anajazia sifuri, anakokotoa muhuri, anangoja ukimya unaotakiwa, anapeleka. Hukumwona akifanya kazi, basi ukadhani hakuna kazi.

Kibao cha kijana wa Segera hakina karani. Kina chipu ya kupangika, ile ambayo wahandisi huiita kwa herufi nne, FPGA. Chipu ya kawaida imetoka kiwandani na kazi yake, kama jembe lilivyotoka kwa mhunzi. Chipu ya kupangika imetoka ikiwa na vyumba vitupu na njia zisizounganishwa, na wewe fundi ndiye unayeiambia: chumba hiki kiwe cha kuhesabu, kile kiwe cha kutunza, njia hii iunganishe vile viwili. Ya kwanza kuuzwa ilitoka kampuni ya Xilinx huko Marekani mwaka 1985, ikiwa na vyumba 64. Za leo zinahesabiwa kwa maelfu na hata mamilioni. Uzuri wake ni kwamba vyumba vyote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Vihisio vinane vinasomwa vyote pamoja, hakuna anayengoja foleni. Ugumu wake ni kwamba usipoagiza kitu, hakifanyiki. Ukisahau hodi, hakuna hodi. Ukisahau muhuri, hakuna muhuri.

Na saa ya chipu haimngoji mtu. Kwenye Ethaneti ya biti milioni 100, chipu inaikabidhi waya biti nne katika kila pigo, mapigo milioni 25 kwa sekunde. Kila baiti hukatwa nusu mbili, na nusu ndogo ndiyo hutangulia. Ukishapiga hodi huwezi kusimama katikati ukasema, "Ngojeni, kihisio cha saba hakijaleta." Hakuna kituo njiani. Kwa hiyo fundi hujenga ghala dogo ndani ya chipu. Mzigo wote hukusanywa ghalani kwanza, ndipo barua inaanza kutoka.

Kijana aliyajua haya. Ghala alilijenga, hodi aliiandika, muhuri aliukokotoa. Hata hivyo kompyuta ilikaa kimya. Nataka niwaeleze jinsi alivyolifumbua fumbo hilo, kwa kuwa ndani yake kuna somo kubwa kuliko chipu.

Ethaneti ina tabia moja: barua mbovu hutupwa kimyakimya. Mpokeaji hasemi, "Muhuri wako si sawa." Hakuna barua ya kuomba radhi. Inatupwa kama haijaandikwa. Kwa hiyo taa ya kijani inawaka, waya uko mahali pake, na wewe unaona kimya tu. Mtu wa namna nyingine angeanza kukisia, akabadilisha hiki leo na kile kesho, mpaka asikumbuke alikoanzia. Kijana huyu alipanga maswali yake kama ngazi.

Swali la kwanza: je, taa inawaka? Inawaka. Basi waya ni mzima na pande mbili zinasikiana mapigo.

Swali la pili: kadi ya kompyuta imehesabu fremu ngapi? Kadi nyingi hutunza hesabu, nzuri ngapi na mbovu ngapi. Alipotazama, nzuri sifuri, mbovu sifuri. Maana yake ni kwamba mpokeaji hakutambua hata kwamba barua imeanza. Kosa liko kwenye hodi. Akarudi kwenye kitabu. Kitabu kinaandika baiti ya kuanzia kwa biti nane, 10101011, na alikuwa ameisoma kama tusomavyo namba zote, tarakimu kubwa ikiwa kushoto. Lakini kitabu kinaziandika biti hizo kwa mpangilio wa kutoka: iliyo kushoto ndiyo inayotangulia kwenye waya, na kwenye Ethaneti biti ndogo ya baiti ndiyo hutangulia. Kwa hiyo alikuwa ameipeleka hodi kinyumenyume. Alikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa kusema "Diho."

Akaigeuza. Sasa hesabu ikaanza kupanda, ila upande wa mbovu. Hapo alifurahi, na furaha hiyo naiheshimu, kwa sababu fremu mbovu inayohesabiwa ni fremu iliyofika. Hodi sasa ni nzuri, muhuri ndio mbaya. Muhuri ni hesabu ndefu ya kugawanya inayopita juu ya kila biti kuanzia anwani mpaka mwisho wa mzigo, pamoja na zile sifuri za kujazia. Mpokeaji huirudia hesabu hiyo, akipata jibu tofauti anatupa. Sheria inasema hesabu ianze na moja tupu katika biti zote 32, na mwisho jibu ligeuzwe, sifuri iwe moja na moja iwe sifuri. Kijana alianza vizuri. Kugeuza mwishoni ndiko alikokusahau.

Alipogeuza, hesabu ya nzuri ikapanda. Na bado programu yake haikuona kitu! Swali la mwisho likabaki moja: zile baiti mbili za aina ya mzigo. Hapa kuna mtego unaonasa hata wakubwa. Namba ya baiti mbili inaweza kutoka kubwa mbele au ndogo mbele. Ethaneti inataka kubwa itangulie, ila kompyuta nyingi za mezani hutunza ndogo mbele. Barua za intaneti, kwa mfano, zina aina namba 2048. Ukizigeuza baiti zake mbili, 2048 inasomeka 8, na mpokeaji anadhani unamwambia mzigo wako ni wa baiti nane. Kijana alikuwa ametumia namba iliyotengwa kwa ajili ya majaribio, 34,997. Kibao chake kilikuwa kinatuma 46,472. Programu ilikaa mlangoni ikimngoja mgeni mmoja, na wageni wote waliopita walikuwa na jina jingine.

Msidhani hili ni jambo la kuchekesha tu. Mtetemo wa 300 ukigeuzwa baiti zake unasomeka 11,265. Kompyuta ingepiga king'ora na kusimamisha korona nzima bila sababu. Baada ya ving'ora vitatu vya uongo, meneja angekizima kifaa, na siku ya ukweli pasingekuwa na wa kusema.

Likabaki jambo la ubahili, na ubahili hapa ni sifa njema. Vihisio vinane, mara elfu kumi kwa sekunde, ni vipimo 80,000. Ukitia kila kipimo kwenye barua yake, unatuma barua 80,000 kwa sekunde. Kila moja, hata ikibeba baiti mbili tu, inakula baiti 84 za njia ukihesabu hodi, sifuri za kujazia na ukimya. Zaidi ya nusu ya waya inajaa, na karibu yote ni hewa. Ni basi la abiria 60 linalokwenda Arusha na mtu mmoja, na nyuma yake jingine na mtu mmoja. Kijana akapanga vipimo 704 kwenye barua moja, yaani duru 88 za vihisio vinane, na mbele yao akatia namba ya mfululizo ya baiti nne, ili barua ikipotea njiani ijulikane. Barua 80,000 zikawa kama 114 kwa sekunde. Waya ule ule, vipimo vile vile, ila sasa umetumika kidogo zaidi ya mmoja kwa mia.

Alinipigia simu wiki mbili baadaye kunieleza kwamba barua zinafika. Kifaa bado hakijafungwa kwenye korona. Ameambiwa alete kwanza rekodi ya wiki mbili kutoka kwenye mota ya mashine ya kusaga. Ni sharti la haki. Mashine ya watu haichezewi.

Ndugu wasikilizaji, sasa nifike kwenye lile ninalolitaka. Nilipowasimulia jamaa zangu habari hii, mmoja aliniambia, "Mzee, si angenunua tu kifaa kilichokamilika kutoka nje? Wenzetu wameshamaliza kazi hiyo." Swali hilo si la kijinga, na linastahili jibu.

Kununua si aibu. Nani leo anatwanga mahindi ya familia kwenye kinu wakati mashine iko mtaani? Lakini tofautisha kununua unga na kutojua mahindi ni nini. Ipo ofisi moja, jina lake nalihifadhi, iliyonunua mtambo wa vipimo kutoka nje. Mtambo ni mzuri. Barua zake zimeandikwa kwa mpangilio anaoujua muuzaji peke yake. Walipotaka kuongeza kipimo kimoja, jibu lilikuwa ni kulipia mtaalamu, nauli yake na hoteli yake. Vipimo ni vyao, umeme ni wao, waya ni wao, na hawawezi kuvisoma bila ruhusa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Na sisi watu wa nchi hii tunalo somo la zamani la jambo hili. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko, hata mwaka 1964 nchi ikatoa tani zipatazo 230,000 na kuongoza duniani. Lakini sehemu kubwa tuliyouza ilikuwa nyuzi. Kamba na mazulia vilisokotwa ng'ambo. Nyuzi za plastiki zilipokuja na bei ikaanguka, tulikuwa tumeshika ncha ya kamba ambayo mwingine ndiye aliyejua kuisokota.

Leo tunazo nyuzi nyingine. Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam chini ya bahari, na miaka iliyofuata Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za kioo zinazopita mikoani. Mkonge na mkongo, tofauti ni herufi moja. Tukiwa watu wa kulipia vifurushi peke yake, tofauti itabaki kuwa hiyo hiyo ya herufi moja: nyuzi zipite kwetu, kamba isokotwe kwingine.

Jirani zetu wa Kenya walituonyesha mapema. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi zilijenga kituo chao cha kubadilishana barua, kinachoitwa KIXP. Kiini cha kituo cha namna hiyo ni swichi ya Ethaneti, kisanduku kinachosoma anwani ya fremu na kuipeleka mlango unaohusika. Kabla yake, barua ya kutoka mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake wa kampuni nyingine, wote wako Nairobi, ilipanda satelaiti ikaenda ng'ambo na kurudi. Ni kama mtu wa Korogwe anayekwenda Handeni akapitia London. Wakubwa wenye ukiritimba walilalamika, kituo kikafungwa, wenyewe wakashikilia hoja zao, na mwaka 2002 kikafunguliwa tena. Walishinda kwa kuwa waliweza kueleza, baiti kwa baiti, barua inapita wapi na kwa nini. Mtu asiyejua barua yake inapita wapi hana hoja ya kupeleka kwa mkubwa yeyote.

Kwa hiyo natoa rai tatu, na si za kuhitaji mabilioni.

Ya kwanza ni kwa vyuo vyetu vya ufundi. Mwanafunzi wa mitandao asihitimu kwa kujua kuchomeka waya na kubonyeza vitufe peke yake. Aandike fremu moja kwa mkono wake, kwenye karatasi, kuanzia hodi mpaka muhuri. Akokotoe muhuri kwa kalamu angalau mara moja. Ni mchana mmoja wa kazi, na hatausahau maisha yake yote.

Ya pili ni kwa wenye viwanda na mashamba. Mnaponunua mitambo, wekeni kwenye mkataba sharti moja: mpangilio wa barua zake uandikwe na mkabidhiwe. Mkataba ukisainiwa bila sharti hilo, hamjanunua mtambo, mmeukodi.

Ya tatu ni kwa wazazi. Kijana akikaa wiki tatu mbele ya kitu kinachokataa, msikimbilie kumwambia akanunue bodaboda kama wenzake. Bodaboda ni kazi ya heshima, lakini muulizeni kwanza, "Umefika swali la ngapi?" Akiwa na jibu, kama yule aliyeniambia, "Hodi imepita, sasa nashughulikia muhuri," basi huyo hapotezi muda. Yuko njiani. Mpeni chai nyingine. Akikosa jibu kabisa, hapo mna haki ya kumshauri.

Kazi nyingi za maendeleo zinafanana na barua ile ya Ethaneti. Dunia haituandikii kutuambia tulipokosea. Inatupa barua yetu na kukaa kimya. Wajibu wa kutafuta kosa ni wetu, ngazi kwa ngazi. Tukijifunza kuandika vizuri, tutasikika, na tukisikika, bei ya nyuzi zetu tutaipanga na sisi.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.